Fleti ya Mkopo au Ploti ya Kujenga: Ulinganisho kwa Kijana Anayetafuta Makao ya Kwanza Nairobi

Kodi ikishalipwa tarehe tano, mazungumzo ya vijana wengi wa Nairobi huishia pale pale: hela hizi si zingekuwa zinalipia nyumba yangu mwenyewe? Mmoja anataka fleti ya vyumba viwili Kasarani au Ruaka, ahamie na vyombo vyake mwezi ujao. Mwenzake anamwambia fleti ni kununua hewa, afadhali ploti ya futi 50 kwa 100 kule Kamulu au Kitengela, ajenge pole pole. Wa tatu amejisajili Boma Yangu, mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, na anangoja. Wa nne ameanza kulipia nyumba ambayo kwa sasa ni mchoro kwenye bango.

Njia zote nne zimewafikisha watu, na zote nne zimewaumiza watu. Hapa nitakaa zaidi na mbili za kwanza, maana ndizo zinazowagawa vijana wengi, kisha nigusie hizo nyingine. Na sitaanza na bei. Bei ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa, lakini maswali yatakayoamua kama utalala usingizi ni mawili: pesa zako huingiaje, na siku ukimaliza kulipa utashika karatasi gani mkononi.

Mkopo wa benki ukipigiwa hesabu

Chukua mkopo wa shilingi milioni 5 wa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, utalipa kama 62,200 kila mwezi. Mkopo huo huo kwa asilimia 9.5 unashuka hadi kama 46,600. Tofauti inapita 15,000 kwa mwezi, na kwa miezi yote 240 inapita milioni 3.7. Kijana anayebishana na muuzaji wiki nzima ili apunguziwe 100,000, kisha akasaini riba ya benki ya kwanza aliyoingia, amepigania kidogo na kuachilia kingi.

Riba ya asilimia 9 na kitu hupatikana wapi? Uliza kuhusu mikopo inayofadhiliwa na KMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2018. Yenyewe haimkopeshi mwananchi. Huzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi wa nyumba kwa riba nafuu. Mikopo hiyo ina ukomo wa kiasi, na si kila tawi la benki litakutajia kwamba ipo. Afisa wa mikopo asipoitaja, itaje wewe, na jibu lake lije kwa maandishi.

Uliza pia kama riba ni ya kupanda na kushuka. Riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7 hadi Mei 2022; kufikia Februari 2024 ilikuwa 13. Ilianza kushushwa Agosti mwaka huo, lakini aliyekuwa amekopa kwa riba inayobadilika alikuwa tayari ameyapitia mawimbi. Swali la kumuuliza afisa ni hili: riba ikipanda, mtaniongezea malipo ya mwezi au mtaniongezea miaka? Majibu hayo mawili yanakupeleka kwenye maisha mawili tofauti kabisa.

Halafu kuna mshahara wenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato ya jumla kupita theluthi mbili ya mshahara. Mwenye 100,000 kabla ya makato, akishakatwa kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, hubakiwa na nafasi isiyofika 40,000 kwa mikopo yake yote, ule wa Sacco ukiwemo. Akiweza kulipa 38,000 kwa mwezi kwa miaka 20, riba ya asilimia 14 inampa mkopo wa kama milioni 3, na ya 9.5 inampa kama milioni 4. Kwa hiyo fleti ya milioni 6 kwa mshahara mmoja wa aina hiyo haiwezekani, hata ajenti aseme vipi. Ndiyo sababu mikopo ya nyumba inayohesabiwa na Benki Kuu ni takriban 30,000 tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50.

Mkopo una neema moja ambayo wengi hawaidai. Riba unayolipia nyumba unayoishi huondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi, hadi 360,000 kwa mwaka. Ukiwa unatozwa asilimia 30 katika ngazi ya juu ya mshahara wako, hiyo ni nafuu ya hadi 9,000 kila mwezi. Haiji yenyewe, lazima upeleke hati za mkopo kwa afisa wa mishahara kazini.

Fleti: unachonunua, na unachoendelea kulipia

Wanaosema fleti ni kununua hewa walikuwa na hoja zamani, wakati mnunuzi alipewa hati ya kukodishiwa kwa miaka mingi huku ardhi ikibaki kwa jina la aliyejenga. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo ilibadilisha hilo. Sasa kila fleti inaweza kuwa na hatimiliki yake, yenye namba yake na mipaka yake kwenye mchoro uliosajiliwa, pamoja na fungu lako katika ardhi, ngazi, lifti na paa.

Tatizo ni kwamba majengo mengi bado hayajagawanywa namna hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si ukubwa wa sebule. Muulize: fleti hii ina hatimiliki yake, au jengo zima bado liko chini ya hati moja mama? Ikiwa ni hati mama, je, iko benki? Wajenzi wengi hukopa kwa kuweka ardhi rehani. Ukilipa fleti yako yote na benki hiyo haijatoa barua ya kuiachilia sehemu yako, deni la mjenzi linakaa juu ya kichwa chako. Angalia vilevile miaka iliyobaki ya ukodishaji wa ardhi, maana sehemu kubwa ya ardhi ya Nairobi ni ya kukodishwa na serikali, aghalabu kwa miaka 99. Ikibaki michache, benki yenyewe itasita kukukopesha. Na maegesho? Kama hayakuandikwa kwenye mkataba, hesabu kwamba huna.

Kisha kuna gharama ya jengo ya kila mwezi: mlinzi, takataka, lifti, jenereta, pampu ya kisima. Haina mwisho, na hupanda. Mtu aliyepiga hesabu ya mkopo akaisahau hii hujikuta amerudi kulipa kama mpangaji. Wamiliki wote wa jengo lenye hatimiliki za namna hii huwa wanachama wa shirika la wamiliki. Omba hesabu zake za mwaka uliopita kabla hujalipa amana. Zikikosekana, umepata jibu.

Ushauri wangu mkubwa kuhusu fleti ni wa bure: irudie peke yako, bila ajenti, siku ya kazi saa moja jioni. Wakati huo watu wameoga, wanapika, taa zote zinawaka. Fungua mfereji wa jikoni, uuache wazi, kisha ufungue wa bafuni. Wa bafuni ukilegea na kutoa uzi mwembamba, tangi la juu halitoshi jengo. Shuka chini, msalimie mlinzi vizuri, umuulize, "Mzee wangu, maji ya kaunti hapa huja siku gani?" Atakwambia ukweli ambao haumo kwenye picha za mtandaoni. Akisema ni kisima tu, uliza maji ni ya chumvi au matamu, na pampu ilipoharibika mara ya mwisho ilitengenezwa kwa siku ngapi. Mpangaji atakayekuta lango anaweza kukuambia mengine: bei ya maji, kelele za baa ya jirani, mita za stima zinazogawanywa. Nusu saa hiyo ina faida kuliko broshua zote.

Ploti: bei ndogo, kazi kubwa

Ploti inapendwa kwa sababu nzuri. Ardhi ni yako, hakuna shirika la wamiliki, hakuna gharama ya lifti, na unaweza kupanda sukuma pembeni. Unajenga kwa uwezo wako: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao. Kwa mtu mwenye biashara, ambaye leo anapata sana na mwezi ujao anapata haba, hili ni jambo kubwa.

Lakini ile kauli kwamba ploti haina mzigo wa kila mwezi haisimami ukishika kalamu. Tuseme umeweka akiba ya 500,000 kwenye Sacco inayokopesha mara 3 ya akiba, ukapata milioni 1.5 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, ulipe kwa miezi 60. Utakatwa kama 33,400 kila mwezi. Na bado unapanga, kwa sababu ploti haina nyumba. Kodi ikiwa 25,000, jumla ni 58,400. Linganisha na ile 62,200 ya mkopo wa benki wa milioni 5. Zinakaribiana, ila mmoja tayari analala ndani ya nyumba na mwingine, baada ya miaka 5, ana ardhi tupu na anaanza kutafuta mkopo wa pili wa kujengea. Simkatishi mtu tamaa ya ploti. Nataka tu hesabu ya kodi iwe ndani ya hesabu ya ploti, maana ndiyo inayosahaulika kila mara.

Sasa karatasi. Hapa ndipo vijana wameumizwa zaidi, na hapa nakuomba usome pole pole.

Kampuni itakupeleka kuona ploti kwa gari la bure asubuhi, mtashuka, mtaonyeshwa bendera na vijiti, mtapigwa picha. Usilipe siku hiyo hata ukiambiwa ofa inaisha saa kumi. Chukua namba ya ardhi, kisha fanya upekuzi rasmi wewe mwenyewe: ardhi iliyo Nairobi kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, na ya kwingine kwa kufuata utaratibu wa ofisi ya ardhi inayosimamia eneo hilo. Utakachopata ni karatasi fupi yenye sehemu tatu. Sehemu A inaeleza mali yenyewe: ukubwa, na kama ni ya milele au ya kukodishwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu hekta 0.046, ukiona hekta 0.03 umeuziwa maneno. Sehemu B ina jina la mwenyewe, nalo lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha anayekuuzia. Sehemu C ni ya mizigo: rehani ya benki, zuio la mahakama, pingamizi la mtu anayedai haki. Sehemu C ikiwa na mstari hata mmoja, pesa zibaki kwenye akaunti yako hadi wakili wako, si wa kampuni, akueleze mstari huo unamaanisha nini.

Na upekuzi safi nao hautoshi siku hizi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba hatimiliki peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Septemba mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, ikasema barua ya ugawaji wa ardhi ya serikali haimpi mtu umiliki. Ni ahadi inayongoja masharti yatimizwe. Kwa lugha ya kawaida: wakili wako ni lazima arudi nyuma hadi mwanzo wa ardhi hiyo. Ilikuwa ya nani? Ilitengewa shule, barabara, mto? Hii ni kazi ya kulipiwa, na ilipie. Mwezi Oktoba 2023, huko Mavoko, nyumba za watu waliokuwa wamehamia na kulea watoto zilibomolewa kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya East African Portland Cement. Syokimau iliyaona hayo hayo mwaka 2011. Walioumia walikuwa watu wa mishahara na biashara, watu waliojinyima kama wewe unavyojinyima sasa.

Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, kinachozunguka sana upande wa Ruai, Njiru na Kasarani, kinaonyesha kwamba unaidai kampuni ploti. Hakionyeshi kwamba ploti ni yako. Ardhi ya kilimo nayo inahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi; ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, na bila kibali hicho mauzo hayana nguvu. Iliyo karibu na mto iache tu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipopita, serikali iliwaondoa watu waliokuwa ndani ya mita 30 za kingo za mito ya Nairobi, na matingatinga hayakumuuliza mtu ana risiti ya ploti au hana.

Ukiridhika na karatasi, rudi shambani na mpima ardhi aliyesajiliwa akutafutie bikoni, yaani alama za mipaka, zote nne kwa kufuata ramani ya usajili. Rudi tena mvua ya masika ikinyesha. Kitengela, Kamulu, Joska na sehemu kubwa ya Syokimau zina udongo mweusi ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huwezi kujenga juu yake. Unachimba na kuutoa hadi ufikie murramu au mwamba, kisha unajaza. Msingi wa hapo unakula pesa kuliko wa kwenye udongo mwekundu wa Kikuyu, kwa hiyo ploti uliyoipata kwa 300,000 chini ya nyingine inaweza kuzirudisha hizo zote shimoni. Uliza nguzo ya stima iliyo karibu iko mita ngapi, na lori la maji huuzwa bei gani. Na barabara, ukiweza kuipita Aprili, utaipita mwaka mzima.

Nauli nayo ni sehemu ya bei. Watu wawili wanaotumia 300 kila mmoja kwenda na kurudi mjini, siku 22 za kazi, wanatoa 13,200 kwa mwezi. Weka na saa mnazokaa kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa. Wenye mtoto mdogo wazipime saa hizo kwa uzito wake.

Mambo yakiharibika, ipi inakuacha umesimama?

Hili huulizwa mara chache, na kwangu ndilo linalotenganisha njia hizi mbili kuliko bei.

Ukipoteza kazi ukiwa na mkopo wa nyumba, saa ya benki inaendelea kuhesabu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki ikupe ilani ya angalau miezi 3 urekebishe, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Ni muda wa kutosha kwa anayeenda benki mwezi wa kwanza kuomba malipo yapangwe upya, au anayeamua kupangisha fleti na kurudi kwa mama kwa muda. Ni mfupi mno kwa anayezima simu. Ndiyo maana sikushauri uchukue mkopo wa nyumba ukiwa huna akiba ya kulipia angalau miezi 6.

Ploti inangoja. Kuta zikisimama kwenye linta kwa miaka miwili hakuna anayekuja kuziuza, ingawa mabati, mbao na simiti iliyobaki hupata miguu. Lakini ikiwa ulikopa Sacco, wanaoumia ni wadhamini wako: mwenzako wa ofisini, dada wa kanisani, mjomba. Deni la benki linakula nyumba, deni la Sacco linakula undugu. Mwenye kuona la pili ni jepesi afikirie tena.

Kuuza nako kuna tofauti. Ploti yenye hatimiliki safi hununuliwa na watu wengi kwa kuwa bei yake iko karibu na mifuko ya wengi. Fleti huchukua muda zaidi, ila ina jambo ambalo ploti haina: inaweza kupangishwa kesho na kusaidia kujilipia.

Boma Yangu na nyumba za kwenye mchoro

Kama umeajiriwa, tayari unachangia asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wako anaongeza kiasi hicho hicho. Kuchangia hakukupi nyumba, lakini kujisajili Boma Yangu hakukuzuii kufuata njia nyingine, kwa hiyo sioni sababu ya kutojisajili. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inapanga wanunuzi kwa kipato cha mwezi: chini ya 20,000, kati ya 20,000 na 149,000, na zaidi ya hapo. Nyumba za kwanza za Mukuru zilikabidhiwa Mei 2025, na bedsitta pale ilitangazwa kwa 640,000, bei ambayo soko la kawaida halina. Masharti ya mkopo ni mepesi kuliko ya benki, na muda ni mrefu.

Unachoachilia ni uhuru. Huchagui mtaa kwa urahisi, mgao hauko mikononi mwako, kila mtu hupata nyumba moja tu, na huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia nyumba hizo. Kwa mtu anayetaka pa kuishi miaka mingi, haya si mazito. Anayetaka kununua ili auze baada ya miaka 3 hapa si pake.

Nyumba za kwenye mchoro zina bei ya chini kwa sababu hatari imehamishiwa kwako. Ziko zilizokamilika vizuri, na ziko ambazo hadi leo ni uwanja wenye kokoto na wanunuzi waliobaki na barua za ofa. Ningezigusa kwa masharti haya tu: hatimiliki ya ardhi iwe kwa jina la mjenzi, idhini ya kaunti, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) na usajili wa NCA (mamlaka ya ujenzi) nivione, malipo yafuate hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mtaalamu, na yaingie kwenye akaunti ya mawakili, si ya mjenzi, na tarehe ya kukabidhi iandikwe pamoja na fidia ya kuchelewa. Mjenzi akikataa moja kati ya hayo, mshukuru na uondoke. Kijana mwenye akiba moja tu maishani hana haja ya kuwa wa kwanza kumjaribu mjenzi mpya.

Pesa za kuanzia

Bei ya nyumba si bei ya kununua nyumba. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mijini na 2 mashambani. Kwa fleti ya milioni 6 hiyo ni 240,000, na mthamini wa serikali anaweza kuipa thamani ya juu kuliko uliyonunulia. Ongeza wakili wako, wakili wa benki, mthamini wa benki, ada ya mkopo na bima. Mimi huwaambia vijana watenge asilimia 7 au 8 ya bei nje ya amana. Aliyemaliza akiba yote kwenye amana hukwama siku 90 za kukamilisha mauzo zikimkimbia, na mkataba ukivunjika anaweza kupoteza ile amana, kwa kawaida asilimia 10, aliyotanguliza.

Kuna chanzo ambacho vijana walioajiriwa hawakifikirii: pensheni ya kazini. Kanuni za mwaka 2020 zinamruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake ya pensheni kununua nyumba ya kuishi, isizidi milioni 7. Kwa mwenye miaka 28 huenda ni kidogo, kwa mwenye miaka 35 aliyekaa kazini inaweza kuwa amana nzima. Ila pesa hizo ni za uzee wako. Zitumie kwa nyumba utakayoishi, kamwe si kwa ploti ya kungoja ipande bei.

Mkinunua wawili, amueni mapema mtaandikishwaje. Umiliki wa pamoja unamaanisha mmoja akifariki, yote ni ya aliyebaki. Umiliki wa mafungu unamaanisha kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu hiyo inaenda kwa warithi wake. Marafiki na ndugu wanaonunua pamoja wachukue mafungu. Wapenzi ambao bado hawajaoana, huku mmoja analipa kwa M-Pesa na jina la mwingine ndilo liko kwenye hati, wasimame hapo hapo walirekebishe kabla ya malipo mengine.

Ningechagua nini

Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara wa uhakika, aliyeoa au kuolewa na mwenye kipato kingine, anayefanya kazi ndani ya jiji: fleti iliyo tayari, yenye hatimiliki yake, kwa mkopo wa riba nafuu, hata ikibidi iwe ya chumba kimoja. Mwenye duka Gikomba au fundi wa simu mjini, ambaye benki itamdai hati za mshahara asizokuwa nazo: ploti, kwa fedha taslimu alizoweka kwenye Sacco, na aijenge pole pole huku akiendelea kupanga karibu na kazi. Mwenye kipato cha chini ya 50,000 anayepanga chumba: Boma Yangu, na akiba iendelee, bila kumsikiliza anayemwambia anachelewa. Na aliye na miezi michache tu kazini, ambaye hajui kama mwaka ujao atakuwa Nairobi au Kisumu, aendelee kupanga. Kodi si pesa iliyotupwa ikiwa inakununulia nafasi ya kuamua vizuri.

Vyovyote utakavyochagua, usajili ukishakamilika rudi ufanye upekuzi mwingine, safari hii ukitafuta jina lako kwenye Sehemu B. Hamisha akaunti ya ada za ardhi ya kaunti na mita ya stima ziwe kwa jina lako wiki hiyo hiyo. Hatimiliki weka mahali pakavu, nakala yake mwachie mtu wa nyumbani unayemwamini, na umwambie wakili wako ni nani.